Kifyatulio kizito, risasi ghali: mwongozo kwa mwenye bunduki ya bolti hapa Lubumbashi

Kila mwezi wa tano, nyasi zikianza kukauka njia ya Kasenga, simu yangu haipumziki. "Yaya, bunduki yangu inapiga pembeni, ninunue darubini gani?" Mwingine: "Yaya, risasi za dola ngapi ndizo nzuri?" Wa tatu amesikia kuna vifyatulio vinavyouzwa Marekani, anataka kujua kama kimoja kitaingia kwenye bunduki aliyoachiwa na baba yake. Nimeshachoka kurudia majibu yale yale, basi leo nayaandika.

Kabla ya kumjibu mtu huwa namwuliza: kifyatulio chako kinafyatuka kwa kilo ngapi? Mpaka leo hakuna aliyewahi kunipa namba.

Siwacheki. Mimi nilirithi Mauser ya kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, kutoka kwa marehemu mjomba, kaliba (yaani kipimo cha risasi yake) 7x64, mbao yake imeiva kwa jasho la shavu lake. Msimu wa kwanza nilimkosa pongo kwa hatua sabini tu, amesimama ubavu, anatafuna majani kama mbuzi wa nyumbani. Nikasema ni darubini. Nikazungusha vifundo vya darubini, nikapiga tatu, zikaenda kushoto. Nikazungusha tena, zikaenda chini. Pakiti nzima ya risasi ishirini iliishia kwenye kichuguu namna hiyo, na darubini haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kifyatulio cha kilo 3.4, kwenye bunduki ambayo yenyewe haifiki kilo 4. Nilikuwa naivuta bunduki nzima kwa kidole kimoja.

Nadharia unayoihitaji ni hii tu. Bunduki ina urefu wa karibu mita moja. Mdomo wake ukisogea milimita 1 wakati unavuta, risasi itasogea sentimita 10 kwenye mita 100. Kifyatulio kizito ndicho kinachousogeza mdomo. Ukilielewa hilo utaacha kununua risasi za kutibu ugonjwa usio wa risasi.

Karatasi kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye karatasi zake. Silaha na risasi zinaongozwa na Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kwa hiyo kibali cha silaha ni kimoja na permi ya kuwinda ni nyingine. Tarehe za kufungua na kufunga msimu kaulize ofisi ya mazingira ya jimbo, wala usiulize kwenye baa. Upemba ni hifadhi ya taifa tangu 1939 na Kundelungu tangu 1970: humo hakuna mawindo. Punda milia wa mwisho wa nchi hii wako Upemba, tuwaache wazaane.

Na risasi za kijeshi zinazouzwa kwa kificho, ndani ya kitambaa, usiziguse. Ni kosa la jela, halafu hujui zililala wapi miaka yote hiyo.

Vitu vya kuandaa

- Bunduki yako, na kitabu chake cha kiwandani kama bado kipo.
- Bidoni tupu ya lita 5, ile ya mafuta ya kupikia, na kipande cha waya mgumu.
- Biberoni ya mtoto yenye alama za mililita. Mama mtoto atanung'unika, lakini hakuna kipimo cha bei rahisi kinachoishinda.
- Risasi bandia mbili za kaliba yako, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti.
- Kizibo kimoja cha bia ya Simba. Tembo pia inafaa.
- Mafuta mepesi ya bunduki, mafuta ya taa kidogo, mswaki wa zamani, fimbo ya kusafishia mtutu.
- Daftari na kalamu. Usitegemee simu, huwa inazima kabla ya kazi kwisha.
- Mfuko wa mchanga, au mfuko wa mchele wa kilo 5, wa kuegemeza bunduki.

Mwenye mizani ya kielektroniki ya kupimia masanduku ya safari aitumie badala ya bidoni. Mimi naipenda bidoni kwa sababu haina betri.

Kazi yenyewe

1. Hakikisha bunduki ni tupu. Toa magazini, fungua bolti (kile chuma cha nyuma chenye mkono unachovuta kupakia), tazama ndani ya chemba, pale risasi inapolala, kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uguse. Risasi zote zipeleke chumba kingine, ufunge mlango. Ukiitwa chakula na kurudi, anza hatua hii upya, hata kama hakuna mtu aliyeingia.

2. Soma maandishi ya mtutuni. Kaliba imechongwa pale juu ya chemba au ubavuni. Iandike kwenye daftari herufi kwa herufi, namba kwa namba. Huku kwetu bunduki nyingi ni za urithi, na familia hukumbuka "ni ya milimita saba" tu. Saba ipi? 7x57 ni ya 1892, 7x64 ni ya 1917, na hizo ni risasi mbili tofauti. Fupi inaweza kuingia kwenye chemba ya ndefu bila kugoma, kisha ganda likapasuka karibu na uso wako. Vivyo hivyo .308 na .30-06: kichwa cha risasi kina kipenyo kimoja, ganda si moja. Ninachokiamini ni maandishi ya mtutuni. Mwenye duka na mjomba nao hukosea. Kama maandishi yamefutika, au unashuku mtutu ulibadilishwa, mpe fundi wa bunduki aipime chemba kabla ya kununua hata risasi moja.

3. Pima uzito wa kifyatulio. Pinda waya uwe ndoano mbili: moja ishike mpini wa bidoni, nyingine ikae katikati ya kifyatulio, pale kidole kinapokaa. Waya usiguse ule mkingo unaozunguka kifyatulio. Weka bidoni sakafuni ikiwa na lita 1 ya maji. Kokoa bolti (ivute nyuma kisha uifunge, bunduki iwe tayari kufyatuka), ondoa kizuizi cha usalama, simamisha bunduki mdomo juu, kisha inyanyue polepole mpaka bidoni iachane na sakafu. Haikufyatuka? Ishushe, ongeza mililita 100 kwa biberoni, rudia. Mililita 100 za maji ni gramu 100, hesabu haina ujanja. Ikifyatuka, andika jumla ya maji na uongeze uzito wa bidoni tupu (muuza sukari yeyote sokoni atakupimia).

Rudia mara tano. Ukipata 2.4, 2.5, 2.4, 2.5, 2.4, kifyatulio ni kizito kidogo lakini kina tabia moja, na utakizoea. Ukipata 1.8, 2.9, 2.1, 3.0, 2.2, hapo kuna uchafu au chuma kimelika ndani. Kwangu mimi tabia moja ina thamani kuliko wepesi.

Namba nzuri ni ipi? Kwa bunduki ya kuwindia swala, kati ya kilo 1.2 na 1.8 inatosha kabisa. Wanaobeba .375 kwa ajili ya nyati huridhika na 2, kwa sababu mikono huwa inatetemeka na vidole vina haraka. Chini ya kilo 1 ni ya uwanja wa mashindano. Porini, asubuhi ya mwezi wa saba, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kifyatulio cha gramu 600 kitafyatuka kabla hujaamua.

4. Sikiliza kinavyofyatuka. Bunduki ikiwa bado tupu, weka risasi bandia, funga macho, vuta polepole sana. Kifyatulio kizuri hakisogei, hakisogei, halafu kinakatika kama kijiti kikavu cha mwezi wa nane. Kibaya kinatambaa: unakisikia kikikwaruza, kinasimama, kinakwaruza tena, na wewe hujui kitaachia saa ngapi.

Angalizo kwa wenye Mauser za asili ya kijeshi: mvuto wenu una hatua mbili. Ya kwanza ni laini na ndefu, kisha unagonga ukuta, ndipo inakuja ya pili. Huo ulaini wa mwanzo haujaharibika, uliwekwa makusudi. Mlaze mnyama kwenye darubini huku umeshamaliza hatua ya kwanza.

Wenye CZ 550 nanyi mna jambo lenu: ukisukuma kifyatulio mbele mpaka kilie tik, kinakuwa chepesi kama unyoya. Hiyo ni kwa mtu aliyekaa, ameegemea, mnyama ametulia. Usitembee nayo imetegwa hivyo. Na ukiitega kisha mnyama akaondoka, elekeza mdomo ardhini pahali salama, fungua bolti, toa risasi, hakikisha chemba ni tupu, ndipo uifyatue.

5. Jaribu usalama wake. Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo kubwa. Bunduki ni tupu (umehakikisha tena, sivyo?). Kokoa, weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie. Sasa ondoa kizuizi bila kugusa kifyatulio. Ikifyatuka hapo, bunduki hiyo haiendi porini. Kokoa tena, funga bolti kwa nguvu kama mtu mwenye hofu anavyoifunga, mara kumi. Kisha igongeshe kitako kwenye sakafu iliyowekwa zulia au gunia, kutoka kimo cha kiganja. Ikiachia hata mara moja kati ya zote, ni ya fundi.

Usidhani hii ni shida ya bunduki kuukuu peke yake. Mwezi wa nne 2014 Remington iliwaita wateja warudishe bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha iliweza kuifanya bunduki ifyatuke bila kuvutwa. Ukinunua mtumba wa miaka hiyo, uliza kama ulirekebishwa.

6. Safisha kwanza, na tupa ya kukwangulia chuma ikae mbali. Mauser ya mjomba ilikuwa na grisi ya miaka mingi ndani ya kifyatulio, imekauka, imeshika vumbi jekundu la huku mpaka ikawa kama gundi ya viatu. Nilitoa bolti, nikafungua skrubu mbili za chini nikaitenga mbao, nikasugua kwa mswaki na mafuta ya taa, nikafuta, nikaacha ikauke kivulini siku nzima, kisha tone moja la mafuta mepesi. Moja tu. Kutoka kilo 3.4 ikashuka hadi 2.6. Gharama yake ilikuwa mswaki wa zamani.

Mafuta mengi yanarudisha ugonjwa ule ule, maana vumbi la Septemba linayapenda. Mafuta ya kupikia na yale ya injini usiyatie kabisa.

Kama kitabu chako kinaonyesha skrubu ya kurekebishia, itumie ndani ya mipaka ya kitabu. Tikka T3, kwa mfano, imewekewa skrubu ya kuanzia karibu kilo 1 hadi 2. Zungusha robo, pima kwa bidoni, robo tena, pima. Kila ukizungusha, rudia hatua ya 5 yote.

Kama kitabu hakionyeshi skrubu, usifungue zaidi. Najua kuna kijana pale mtaani kwako anayeweza "kupunguza" kwa tupa na msasa. Vyuma viwili vinavyoshikana ndani ya kifyatulio vimetiwa ugumu kwa juu tu, ngozi nyembamba sana. Tupa ikiivua ngozi hiyo, siku ya kwanza utasifu ulaini; baada ya siku nyingi za kuwinda chuma laini kinaliwa, na bunduki inafyatuka ukifunga bolti. Mtu anayekwenda mbele yako kwenye kijia ndiye atakayelipa. Kifyatulio kipya cha kununua ni sawa kama kimetengenezwa kwa modeli yako na kimewekwa na fundi anayejua. Ila fanya kwanza hatua ya 7 kwa mwezi mmoja. Wengi wakiimaliza hawanunui tena.

7. Fyatua tupu, kila jioni. Weka risasi bandia, lenga alama ndogo ukutani (upande wa pili wa ukuta pasiwe na mtu, hata kama bunduki ni tupu), weka kizibo cha Simba juu ya kofia ya kifundo cha darubini, palipo bapa, vuta. Kizibo kikianguka, umekurupuka. Anza ukiwa umelala, halafu umekaa, halafu umesimama ukiegemea fremu ya mlango kama utakavyoegemea mti. Mara ishirini kila jioni, basi. Ukichoka unajifundisha ubaya.

Bunduki za kisasa za risasi kubwa hazidhuriki, lakini risasi bandia inalinda pini inayogonga risasi, hasa kwenye silaha za zamani. Ile ndogo ya .22 usiifyatue tupu bila risasi bandia: pini yake inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

8. Piga hesabu ya risasi kabla ya kwenda dukani. Bei hapa zinabadilika kila mzigo unapoingia, kwa hiyo namba zangu ni za mfano, weka zako. Tuseme pakiti ya risasi 20 za kawaida ni dola 60. Gawanya: dola 3 kila unapovuta. Tuseme zile zenye kichwa cha shaba tupu ni dola 100: dola 5. Sasa rudi hatua ya 7: mivuto 20 kwa siku 30 ni 600. Kwa dola 3, umefanya mazoezi ya dola 1,800 bila kutoa hata franga.

Msimu mmoja wa mtu wa kawaida unahitaji hivi:

- kulenga upya: 9
- mazoezi ya porini kabla ya msimu: 15
- kuhakiki baada ya safari ya gari: 2 au 3
- mawindo yenyewe: 5
- akiba: zilizobaki kufikia 40

Pakiti mbili. Kwa mfano wangu, dola 120. Mtu anayeniambia anahitaji pakiti sita kwa msimu, namuuliza tena habari ya kifyatulio.

Kuhusu ghali na rahisi: kwenye miombo yetu, mara nyingi unapiga chini ya mita 150, majani hayakuruhusu zaidi. Risasi ya pua laini ya kiwanda cha kawaida, Sellier & Bellot au Prvi Partizan tuseme, ikipasua pahali panapostahili, hata korongo, yule swala mkubwa, anaanguka. Za shaba tupu zina kazi yake kwa mnyama mkubwa mwenye mifupa, sikatai. Lakini kwa pongo na ngiri unalipa dola 2 za ziada ili mnyama asiione tofauti. Zilizofunikwa chuma mpaka puani usizipigie swala hata kama ni rahisi: zinapita kama sindano, na mnyama anakimbia kwenda kufia mbali.

Kaliba nayo ni bei. .30-06 imekuwepo tangu 1906 na inatengenezwa karibu kila nchi yenye kiwanda, kwa hiyo hupatikana. 9.3x62 aliibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani waliokuja Afrika, na bado ni risasi ya heshima, ila pakiti yake hula mfuko zaidi. .375 H&H ya 1912 ni ghali kuliko zote hizo, na bega lako pia litatoa mchango. Kijana anayenunua bunduki ya kwanza ya swala asidanganywe na ukubwa. Chagua kaliba ambayo risasi zake uliziona dukani kwa macho yako mara tatu, katika miezi mitatu tofauti.

9. Nunua zote siku moja, kutoka fungu moja. Kwenye kikunjo cha pakiti kuna namba ya fungu la kiwandani. Pakiti zako mbili ziwe na namba moja, vinginevyo unaweza kulenga kwa moja na kukosa kwa nyingine. Fungua pakiti pale pale kaunta: ganda lenye ukungu wa kijani, kichwa kinachocheza kwa vidole, fataki (kile kitufe cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyobonyea, rudisha. Dai risiti na iandikwe kwenye karatasi zako kama sheria inavyotaka.

Nyumbani, risasi zikae kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, limefungwa kwa kufuli, mbali na bunduki. Bolti nayo ikae pahali pake pa tatu. Usiziache ndani ya gari kwenye jua la mwezi wa kumi.

10. Lenga kwa mtutu kabla ya kulenga kwa baruti. Tafuta pahali unaporuhusiwa, mwarifu mwenye ardhi na chifu. Kichuguu kikubwa cha huku kwetu, kile kinachopita nyumba kwa urefu, ni ukuta bora kuliko wowote wa kujenga, lakini zunguka nyuma yake kwanza. Wachoma makala, wamama wa uyoga na wachimbaji wako kila mahali, na risasi ya .30-06 iliyopita juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 4.

Weka karatasi kwenye mita 25. Toa bolti, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchele, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka nukta nyeusi ikae katikati ya duara la mtutu. Bila kuitikisa bunduki, tazama darubini: msalaba uko wapi? Uzungushe uje kwenye nukta ile ile. Umekwisha kulenga nusu na hujatumia risasi.

Sasa rudisha bolti, piga moja kwa mita 25, rekebisha, piga ya pili. Nenda mita 100, piga tatu bila kugusa kifundo, hata kama ya kwanza imekukasirisha. Chukua katikati ya zote tatu, rekebisha kutoka hapo. Darubini nyingi za Marekani mbofyo mmoja wa kifundo ni karibu milimita 7 kwenye mita 100. Nyingi za Ulaya ni sentimita 1. Kwa mita 25 gawanya kwa nne. Acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika bila kuondoa mkono, kisha piga tatu za mwisho, moja ya nyongeza ukiihitaji. Tisa zimetosha.

11. Andika. Tarehe, fungu la risasi, uzito wa kifyatulio, kundi lilikaa wapi. Mwaka ujao utaanzia hapo badala ya kuanzia sifuri.

Mambo yanapogoma

*Kundi limetawanyika kama mbegu za mahindi.* Kabla ya kulaumu risasi, kaza skrubu za darubini na zile mbili za mbao. Halafu mpe mtu mwingine apakie kwa siri, wakati mwingine risasi ya kweli, wakati mwingine bandia. Mdomo ukiinama kwenye bandia, umeuona ugonjwa. Rudi hatua ya 7 wiki mbili.

*Zote ziko pamoja lakini upande wa kushoto, na darubini imekaa sawa.* Tazama kidole. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mara nyingi kidole kimekaa ncha tu, na kinasukuma badala ya kuvuta. Weka katikati ya pedi ya kwanza.

*Umevuta, kimya.* Usifungue bolti. Mdomo ubaki kwenye kichuguu, hesabu sekunde 60 kwa utulivu. Baruti iliyochelewa ipo. Kisha fungua, tazama fataki: alama ya pini ikiwa hafifu, inawezekana grisi imegandisha pini ndani ya bolti, ikiwa imebonyea vizuri, risasi ni mbovu. Usiijaribu tena.

*Mlio umekuwa mdogo, kama kupasuka kwa puto.* Simama. Toa bolti, mulika mtutu. Kichwa kikiwa kimekwama humo na ukapiga kingine nyuma yake, mtutu utafunguka kama ganda la ndizi.

*Bolti ni ngumu kufungua baada ya kupiga.* Chemba chafu, au risasi si ya bunduki hiyo, au ina nguvu kupita kiasi. Rudi hatua ya 2 ukasome mtutu na kitako cha ganda, ulinganishe. Usipige nyingine mpaka ujue.

*Kifyatulio kilikuwa kilo 1.6, leo kinapima 1.1 bila kuguswa.* Kushuka chenyewe ni kubaya kuliko kupanda. Kuna kitu kinalika au skrubu imelegea. Toa bolti, ifunge kabatini, bunduki iende kwa fundi bila hiyo risasi uliyozoea kuibeba mfukoni.

*Umekosa mnyama, na hujui kwa nini.* Usirekebishe darubini hapo porini. Ukirudi kambini, piga mbili kwenye karatasi kwa mita 100, ukiegemea mfuko wa mchele. Zikikaa mahali pake, bunduki yako nzima, na risasi zako nzima. Kesho jioni toa kizibo.